Kipindi cha Porojo

Siku hizi nikialikwa kwenye warsha za walimu hukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Mbele anasimama kijana wa suti, anatufundisha jinsi ya kumsaidia mwanafunzi wa chuo aunganishe somo moja na jingine, na yote hayo na maisha yake ya nyumbani. Anasema kana kwamba jambo hilo limegunduliwa juzi. Watu wanaandika. Chai ya saa nne inakuja na sambusa. Mimi natabasamu kwa meno tu, maana ukiniuliza, kuunganisha si kazi ngumu hata kidogo. Niliifanya katikati ya miaka ya tisini kwa chaki na ubao uliopasuka. Kazi ngumu ni kile kinachofuata, na hicho sijasikia mtu akikiandalia warsha.

Chuo chetu kilikuwa ghorofa ya pili, Jogoo Road, Nairobi, juu ya duka la misumari na mabati. Ngazi zilikuwa za nje, za chuma, na darasa zima likizipanda ungedhani jengo linabomolewa. Upepo ukigeuka mchana, moshi wa nyama choma kutoka Soko la Burma uliingia darasani moja kwa moja, na wale ambao hawakuwa wamekunywa hata chai ya asubuhi walinyamaza ghafla, kila mtu akiangalia daftari lake. Tulifundisha diploma ya ustawi wa jamii. Yaani tulikuwa tunawatayarisha vijana waende kuwasaidia maskini, na nusu yao walikuwa na njaa.

Ufundishaji wenyewe ulikuwa hivi. Mwalimu wa afya ya jamii anaingia, anasoma noti zake, darasa linaandika, anatoka. Mwalimu wa uchumi anaingia, anasoma zake, darasa linaandika. Kisha sheria, kisha takwimu. Mtihani ukifika wanatapika walichomeza, wanasahau, wanameza kingine. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama magonjwa ya mwalimu wa Jumatatu yana uhusiano wowote na bei za mwalimu wa Jumanne. Mimi nilifundisha mawasiliano, somo ambalo halikuheshimiwa na mtu, ndiyo maana nikatupiwa Ijumaa alasiri, wakati kila mtu anataka kwenda zake.

Nikasema basi, kama Ijumaa ni yangu, ni yangu. Kila mwanafunzi aje na kitu kimoja alichofunzwa wiki hiyo, na kitu kimoja alichokiona mtaani kwao, avifunge pamoja mbele yetu sote.

Wiki ya kwanza, kimya. Nikawaanzishia mwenyewe.

"Juzi mabomba yalikauka mitaani. Mtungi wa maji ulipanda bei kabla jua halijatoka. Mwalimu wenu wa uchumi ameshawaambia ni kwa nini?"

Mkono mmoja ukainuka. Nikafurahi.

"Madam, hiyo iko kwa mtihani?"

"Haiko."

Kalamu zote zikalala. Haki ya Mungu, nilitamani kumrushia mtu dasta.

Walimu wenzangu walikibatiza kipindi hicho jina: kipindi cha porojo. Mkuu wa chuo, bwana mrefu ambaye alifunga tai hata siku ya kupanga madawati, aliniita ofisini. "Mwalimu, mzazi halipi karo ili mtoto aje kusimulia habari za jirani." Nikamwomba anivumilie mwaka mmoja. Akakubali, nadhani kwa sababu hakukuwa na mwalimu mwingine aliyetaka Ijumaa alasiri.

Lakini aliyenishinda kwanza hakuwa mkuu wa chuo. Ilikuwa Buru.

Asiyekulia Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, hawezi kuelewa, kwa hivyo acha nieleze. Buruburu ilikuwa na nyumba za vigae, mageti na maua. Ukiulizwa unaishi wapi, hukutaja mtaa wako. Ulitaja mtaa mzuri ulio karibu na wako. Wa Mathare alisema Pangani. Wa Dandora na wa Kariobangi walisema Buru. Hatukuuita uongo. Ilikuwa kama kuchana nywele kabla ya kutoka nje. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Makongeni, nyumba za reli, choo cha pamoja, na katika usichana wangu "niliishi" Buru miaka na mikaka kabla sijawahi kulala huko hata siku moja.

Darasani kwangu karibu wote walikuwa wa Buru. Jioni walitoka pamoja, wakafuata Jogoo Road kwa miguu wakitaniana, wakaingia Buru kweli, na humo ndani wakaanza kupungua. Mmoja anakata kona hii, mwingine ile, "Haya, tuonane kesho," kila mtu akizunguka nyuma ya nyumba za wenyewe kutafuta njia ya kwenda kwao. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia asimame mbele ya wenzake aeleze alichokiona mtaani kwao! Walinipa maua. Walinipa bustani, na mbwa wa jirani anayebweka. Ijumaa baada ya Ijumaa nasikiliza habari za bustani.

Kulikuwa na mwanamke kijana mmoja aliyekaa kando ya dirisha. Alikuwa na blausi nyeupe moja, iliyofuliwa kila siku hata ukingo wa kola ukaanza kuonyesha nyuzi. Yeye pia alikuwa wa Buru. Siku za Ijumaa hakufungua mdomo, wala bustani hakunipa. Siku moja wenzake walipotoka, alibaki akijifanya anapanga vitabu.

"Madam, mwalimu wa afya alisema moshi wa plastiki unaharibu mapafu. Hakusema kama yanapona."

"Mapafu ya nani?"

"Ya mtu tu."

Ijumaa iliyofuata mtu huyo alikuwa jirani. Iliyofuata tena akawa shangazi. Sikumsukuma. Nilifuta ubao polepole, nikafuta hata mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Kisha jioni moja akasema, macho yakiwa dirishani, "Ni mama. Anaokota pale kwa jaa. Sisi ni wa Dandora."

"Sawa," nikamwambia. "Kaa chini."

Akakaa, na yakamtoka yote kwa mkupuo, nami nikasahau kwamba Ijumaa imekwisha. Kumbe upande wao wa lile jaa la taka palikuwa na broka mmoja tu anayenunua plastiki na vyuma. Mizani yake, lori lake, bei yake. Wanawake hawakuwa na pa kuuza kwingine. "Mwalimu wa uchumi alisema mnunuzi akiwa mmoja, ndiye anapanga bei. Nikasema, ala! Si huyo ni broka wetu!" Bei ikiwa chini, mama anakaa jaani zaidi ili gunia lijae. Akikaa zaidi, anavuta moshi zaidi. Na kwenda kulalamika hawezi, maana mwalimu wa sheria alikuwa ameshawasomea kwamba mtu wa namna ya mama yake hana ruhusa ya kuwa pale. Akavuta pumzi, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Madam, kumbe hawa walimu wote wanaongea juu ya mama yangu, na hata hawajuani!"

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kama mjinga. Nilitembea hadi nyumbani nikiimba, na watu wa Jogoo Road wanajua kwamba mtu mzima hatembei akiimba barabara ile. Ndiyo siku moja katika kazi yangu yote ambayo nikiulizwa ualimu ni nini, naweza kuinyooshea kidole.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alipaswa kuandika ripoti. Nikamwambia aandike kama alivyoniambia mimi, na sentensi ya kwanza iseme anaishi wapi. Akasita. Akauliza kama ni lazima. Nikamjibu kwamba bila hiyo, ripoti itakuwa ya mtu aliyepita njia. Akaandika. Wapo watakaoniambia kwamba hapo ndipo nilipomponza. Wakamwambie mtu mwingine. Mimi sikubali hata leo.

Maana wakati ule ule kazi ilikuja. Shirika moja la misaada lilikuwa linaanza kufanya kazi na waokotaji wa Dandora, nao wakaomba mhitimu mmoja wa chuo chetu awe mfanyakazi wao wa jamii huko. Mshahara haukuwa wa kutisha, lakini kazi ilikuja na matibabu ya mfanyakazi pamoja na wazazi wake. Hospitali yenyewe, daktari, picha ya kifua, dawa. Yule mwanamke kijana aliposikia hilo alishika ukingo wa dawati, akaniuliza nirudie.

Jumapili moja akanialika kwao. Ilikuwa ploti ya vyumba vilivyozunguka ua, kamba za nguo zikikatana juu, na harufu ya jaa ikiwa imeingia hata kwenye ukuta. Mama yake alikuwa mfupi, mwenye kicheko kikubwa, mtu wa mkoa wa Magharibi kama wazazi wangu, ndiyo maana alinikaribisha kama watu tulioachana jana.

"Karibu, mwalimu. Usiogope harufu, ukikaa kidogo pua inazoea." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajishika kifua mpaka kikapita. "Hii kikohozi ni kama mpangaji mbaya. Ukimwambia atoke, ndio anaingiza kitanda."

Tulicheka, maana ukikataa kucheka na mtu wa namna hiyo unamtukana. Alinimiminia chai ya maziwa. Binti alipotoka kuchota maji, mama alishusha sauti.

"Mwalimu, hiyo kazi ataipata?"

"Mama, hakuna anayeijua kazi hiyo kama yeye."

"Akiipata, mimi sirudi tena huko juu." Dandora walisema huko juu, kwa sababu taka zilikuwa zimekuwa kilima. "Hata siku moja. Wacha nikae hapa nje kwa jua, nikohoe vizuri nimalize."

Wakabaki wanafunzi wawili wa kuhojiwa kwa kazi ile, yeye na mwenzake. Mwingine alikuwa kijana mtanashati, tai nyembamba, Kiingereza laini. Mtaa wake ulikuwa Pangani. Nami nilijua ni Mathare, bondeni kabisa, kwa sababu mama yangu mdogo aliishi huko, na asubuhi moja nilikutana na kijana huyo akipandisha madebe mawili ya maji. "Habari ya asubuhi, madam," akasema, akitazama kando. "Nzuri," nikasema, nikapita. Hatukuitaja tena. Ijumaa zangu alizipitisha akisinzia macho wazi. Ripoti yake aliikata moja kwa moja kutoka kwenye noti: sura ya afya, sura ya uchumi, sura ya sheria, kila moja na mlango wake umefungwa. Ilikuwa safi sana. Ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja.

Siku ya mahojiano nilikaa pembeni ofisini kwa mkuu wa chuo. Afisa wa shirika alikuwa mama wa makamo, Mnairobi kama sisi, mpole, kitambaa chake cha shingoni kimefungwa vizuri. Kijana alianza. Akazungumza juu ya "wale watu" na "jamii zile" na jinsi zinavyohitaji kuelimishwa. Alizungumza bila kukwama, nusu saa nzima, na mkuu wa chuo akawa anatikisa kichwa kwa furaha.

Kisha akaingia binti yangu. Nimemwita binti yangu, basi na iwe hivyo. Yeye alisema "sisi". Alieleza mizani ya broka jinsi inavyodanganya, akaeleza kwa nini mwanamke hawezi kugomea bei hata akijua anaibiwa. Akasema wanawake wakipata mizani yao wenyewe na mahali pa kuweka mzigo, wanaweza kumngoja mnunuzi mwingine kutoka viwanda vya Industrial Area, na hapo masaa ya kukaa kwenye moshi yatapungua, na vifua vitapata nafasi. Hakuna mtu aliyemfunza hayo. Tulimpa vipande, akaviunga mwenyewe. Afisa aliacha kuandika.

"Na mama yako, bado anaifanya hiyo kazi?"

"Yuko huko juu sasa hivi tukiongea."

Afisa akafungua mkoba akatoa leso, akajifuta macho. Mimi nikakaza mikono mapajani nisije nikapiga makofi. Nikajua tumeshinda.

Akatoka, akaungana na mwenzake kungoja nje. Afisa akanigeukia.

"Mwalimu, huyu msichana ametugusa sana. Ripoti yake tutaiomba, itakuwa mwongozo wa kazi yetu yote Dandora."

"Nashukuru sana."

"Kazi tutampa yule kijana."

Nilidhani ni makelele ya barabarani yamenichanganya. "Vipi?"

"Elewa, mwalimu. Tunatafuta mtu wa kuwasaidia watu kama yeye."

Aliyasema kwa upole kabisa, macho bado mekundu. Angeyasema kwa kiburi ningejua la kumfanya. Mdomo ninao, wanaonifahamu wanajua. Lakini utamfanyaje mtu anayekulilia huku anakunyonga?

"Kwa hivyo angenyamaza mngempa," nikasema.

"Usichukulie hivyo. Yuko karibu mno na hiyo shida. Akianza kazi, atamwona mama yake kila mahali. Tunahitaji mtu anayeweza kuiangalia kutoka nje kidogo. Huyu wa Pangani ametulia."

Pangani! Ulimi ukanipanda hadi kwenye meno. Pangani gani, mama? Pangani ya madebe ya maji? Lakini nikamwona yule kijana akilini, na yeye ana mzazi mahali fulani kule bondeni anayengoja matibabu hayo hayo. Ningefungua mdomo, naye angekuwa karibu mno na shida, kazi ingepelekwa chuo kingine, kwa mtu mwingine aliyejua kunyamaza. Nikameza. Iliniwasha kooni ikishuka, na inaniwasha bado.

"Basi mwachieni ripoti yake," nikasema. "Kama yeye hawafai, hata maneno yake hayawafai."

"Madam, tafadhali," mkuu wa chuo akaingilia. Yeye alikuwa ameshaanza kufikiria nafasi nyingine ambayo shirika lingekipa chuo mwaka ujao. Baadaye alinisimamisha kwenye korido aniambie kwamba sasa nimejionea faida ya porojo. Sikumsalimia kwa muda mrefu.

Afisa alinishika mkono. "Hatumwachi hivi hivi, mwalimu. Mama yake atakuwa wa kwanza kwenye kikundi chetu. Tutampa glavu, na gambuti za kuvaa jaani. Tunaanza na yeye." Alifurahi kuniambia hivyo. Alitaka nami nifurahi.

Nikatoka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, peke yake. Kijana alikuwa ameshuka kununua sigara. Aliponiona alisimama haraka, akaipangusa sketi yake, akaniangalia usoni. Akakaa tena.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Lakini huyo Ijumaa alikuwa analala, madam."

"Najua."

"Walisema kwa nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema Kiingereza, ningesema walitaka mwanaume kwa sababu ya usalama. Nikaona hapana, huyu nimemfunza kuuliza, siwezi kumnyima jibu. Nikaketi kando yake, nikamwambia maneno ya afisa jinsi yalivyotoka, hata yale ya watu kama yeye. Sikuongeza, sikupunguza. Nikamwambia pia juu ya ripoti, na kikundi, na glavu, na gambuti za mama.

Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, tena kwa hasira, kamasi na yote, na wateja wa duka la mabati wakituangalia kutoka chini. Nikamwambia tutakataa. Nikamwambia wabaki na gambuti zao, hatuwezi kununuliwa kwa viatu vya mpira. Nikamwambia nitawaandikia wakubwa wa yule afisa barua ambayo hawataisahau. Aliningoja nimalize, kama vile mtu anavyomngoja mtoto achoke kulia.

"Madam," akasema, "rudi ofisini kabla hajaenda. Mwambie kwamba mama anavaa namba saba. Wasilete ndogo, miguu yake inafura jioni."

Nikafuta uso, nikapanda ngazi, nikawaambia saba.